Dk. Williamson wa Mwadui na Mji Aliouacha

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Mwanza hupita Kolandoto, kisha hufika Maganzo, mji mdogo wenye maduka mengi na vijana wengi. Hapo ndipo njia ya kwenda Mwadui inapoanzia. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi, na pengine tumetamka jina la Williamson bila kujua alikuwa mtu wa namna gani. Mgodi unaitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa mwenyewe alifariki mwaka 1958, kabla baba zetu wengine hawajazaliwa.

Katika toleo hili tunasimulia maisha yake. Hatufanyi hivyo kwa sababu ya almasi tu, maana habari za almasi zimesemwa sana. Tunafanya hivyo kwa sababu mtu huyu alijenga mji mzima katika pori la Usukuma, wenye shule na hospitali, na mji ule uliendelea kuwapo baada yake, wakati wa neema na wakati wa upungufu. Katika mitaa yetu leo kuna shule zinazokosa walimu na zahanati zinazokosa waganga. Basi si vibaya tukajiuliza ni kitu gani huifanya shule isimame, na ni kitu gani huiangusha.

Kijana wa Kanada

John Thoburn Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Ni nchi ya misitu, maziwa na baridi kali, tofauti kabisa na mbuga zetu za miiba na vumbi. Alipokua aliingia Chuo Kikuu cha McGill katika mji wa Montreal. Mwanzo alikusudia kusoma sheria. Lakini alipata nafasi ya kufuatana na watafiti wa miamba waliokwenda Labrador, sehemu ya mbali ya kaskazini, na tangu hapo moyo wake ukageukia mawe. Akaiacha sheria akasoma elimu ya miamba, na mwaka 1933 alipata shahada ya udaktari. Ndiyo sababu watu wa huku walimjua kwa jina la Daktari, ingawa hakutibu mtu.

Miaka hiyo ilikuwa migumu duniani kote. Biashara ilikuwa imeanguka tangu mwaka 1929, na kazi zilikuwa adimu hata kwa wasomi. Kijana Williamson alikuja Afrika kutafuta kazi yake. Alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, katika kampuni iliyotafuta madini. Mwaka 1935 akaingia Tanganyika kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, ulio kando ya njia hiyo hiyo ya Shinyanga na Mwanza.

Miaka ya kutafuta

Mgodi wa Mabuki haukuwa na faida kubwa. Kampuni iliyoumiliki ilipoona gharama zinazidi mapato, ilikata tamaa. Williamson hakukata tamaa. Aliuchukua mgodi ule yeye mwenyewe, akawa anapata almasi kidogo za kumwezesha kuishi na kulipa watu wake, huku akiendelea kutafuta mahali penye almasi nyingi zaidi. Aliamini kwamba almasi zilizokuwa zikiokotwa hapa na pale katika nchi ya Wasukuma zina chimbuko lake, na kwamba chimbuko hilo halijapatikana.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Alizunguka porini kwa miaka akichimba mashimo madogo, akichekecha mchanga na kuhama tena. Fedha zilimwishia mara kwa mara. Mtu mmoja aliyemsaidia sana alikuwa wakili wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra, ambaye alimwamini wakati wengine walimwona kuwa mtu aliyepotelewa na akili. Baadaye wakili huyo alipewa hisa katika mgodi. Walikuwapo pia wafanyakazi Waafrika walioijua nchi, waliobeba mizigo, waliochimba na kuchekecha. Majina ya wengi wao hayakuandikwa, lakini bila wao asingefika popote.

Mnamo Machi 1940 Williamson alipata alichokitafuta pale Mwadui. Yapo masimulizi mengi juu ya siku hiyo. Watu husimulia habari za mbuyu, na ya jiwe lililong'aa chini yake. Masimulizi ya namna hiyo hukua kadiri yanavyopita midomoni mwa watu. Lililo hakika ni kwamba alikuwa amekuta shina la mwamba lililopanda kutoka chini kabisa ya ardhi, nalo ndilo mama wa almasi. Eneo lake ni hekta 146, na ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani.

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza. Mashine hazikupatikana kwa urahisi, na meli zilikuwa za vita. Williamson alianza na vifaa hafifu, akitengeneza na kuunganisha alichoweza kupata. Lakini udongo wa juu wa Mwadui ulikuwa na almasi nyingi, na mgodi ukajilipia gharama zake na kukua mwaka hata mwaka. Vita ilipokwisha alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika.

Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya rangi ya waridi ambayo kabla ya kukatwa ilikuwa na uzito wa karati zaidi ya 54. Williamson aliitoa iwe zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Malkia. Ilikatwa ikabaki karati zaidi ya 23, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Mwaka 1956 mdogo wake Malkia, Binti Mfalme Margaret, alipozuru Afrika Mashariki alifika Mwadui pia.

Mji wa Mwadui

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwadui ilikuwa pori. Hapakuwa na maji ya kutosha, hapakuwa na nyumba wala duka. Mgodi mkubwa unahitaji maelfu ya watu, na watu hawakai mahali pasipo na maji, pasipo na mganga, na ambapo watoto wao hawawezi kusoma. Jambo hilo Williamson alilielewa. Alijenga nyumba, akaleta maji na umeme, akajenga hospitali na shule, akaweka maduka na uwanja wa ndege. Akapanda miti. Mahali palipokuwa na miiba pakawa mji wenye barabara na vivuli, na wazee waliouona wakati huo waliusimulia kama ajabu.

Tuseme pia upande wa pili, maana habari ya mtu ikisemwa nusu si habari. Mji ule ulizungushiwa uzio na kulindwa sana, kwa kuhofia wizi wa almasi. Wananchi wa vijiji vya jirani, ambao ng'ombe wao walikuwa wamelisha pale tangu mababu, waliuona kwa nje. Hata ndani ya uzio watu hawakuwa sawa. Katika Tanganyika ya wakati ule shule zilitengwa kwa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na Mwadui haikuwa tofauti na desturi hiyo. Nyumba nazo zilifuata utaratibu huo huo.

Tena, kila kitu kilitegemea mtu mmoja. Williamson hakuoa wala hakuwa na watoto. Alikuwa mtu mpweke, asiyependa mikutano wala kelele za mijini. Uamuzi wa kujenga ulikuwa wake, na uamuzi wa kutojenga ulikuwa wake. Hapakuwa na kamati ya wazazi iliyomwuliza habari za shule, wala baraza la wananchi lililokaa naye kupanga habari za hospitali. Kwa kuwa alikuwa na moyo wa kujenga, mambo yalikwenda vizuri. Lakini kitu kinachokaa juu ya moyo wa mtu mmoja kinakaa pembamba.

Hata katika biashara alikuwa mtu wa kusimama peke yake. Miaka ile karibu almasi zote za dunia ziliuzwa kwa njia ya kundi moja la wafanyabiashara lililoongozwa na kampuni ya De Beers. Williamson alibishana nao kwa muda mrefu juu ya bei na juu ya kiasi ambacho angeruhusiwa kuuza, na kwa kipindi fulani alizuia almasi zake zisiende sokoni. Mwishowe alikubali kuuza kupitia kwao, lakini mgodi aliukatalia. Uliendelea kuwa wake na wa wenzake wachache mpaka mwisho wa maisha yake.

Kifo chake

Katika miaka ya mwisho aliugua saratani ya koo. Mwanzoni mwa Januari 1958 alifariki, akiwa na umri wa miaka 50 tu. Hospitali aliyoijenga haikuweza kumponya, wala fedha zake zote. Jambo hilo tunalijua, lakini kila mara tunapaswa kulikumbuka upya.

Baada ya kifo chake mali yake iliwafikia ndugu zake wa Kanada. Wao hawakuwa na nia ya kuja kukaa Usukuma kuongoza mgodi. Mwaka huo huo wa 1958 waliuza, na walionunua walikuwa wawili: kampuni ya De Beers ilichukua nusu, na serikali ya Tanganyika ikachukua nusu. Bei yake ilikuwa yapata pauni milioni 4. Katika mauzo hayo watu wa Mwadui na vijiji vya jirani hawakuulizwa. Shule, hospitali, maji na nyumba vyote viliuzwa pamoja na mgodi, kama vyombo vinavyouzwa pamoja na nyumba.

Hata hivyo ndani ya mauzo yale lilikuwamo jambo jema. Nusu ya mgodi ilikuwa sasa mali ya umma. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, serikali mpya ya wananchi ilirithi nusu hiyo, na mapato yake yakaingia katika hazina ya nchi changa iliyokuwa na shule chache na madaktari wachache mno. Sehemu ya utajiri wa Mwadui ikavuka uzio.

Mgodi uliponywea

Mgodi si kisima cha mvua kinachojaa tena. Mwadui ilifikia kilele katika miaka ya 1960, ambapo mwaka 1967 ilitoa karibu karati milioni moja. Baada ya hapo ilianza kushuka. Udongo wa juu, uliokuwa tajiri, ulikuwa umekwisha kuchimbwa. Kadiri walivyokwenda chini, tani moja ya mawe ilitoa almasi kidogo zaidi, na gharama ya kuichimba ikawa ile ile au zaidi. Katika miaka ya 1970 serikali ilitaifisha mgodi wote. Kisha ikaja miaka ya 1980, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa foleni za sukari na sabuni. Fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, na mashine ikiharibika vipuri vilisubiriwa kwa muda mrefu. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990 Mwadui ilikuwa ikitoa sehemu ndogo tu ya kile ilichotoa mwaka 1967.

Miaka hiyo hiyo shule na zahanati za vijijini nchini kote zilikuwa mashakani. Mwaka 1974, katika operesheni ya vijiji, wananchi wa Shinyanga kama wa mikoa mingine walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba huduma zingeweza kuwafikia. Mwaka 1977 ulianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na watoto wakajaa madarasani kuliko wakati wowote. Lakini uchumi ulipoanguka, madaftari yalikosekana, dawa zilikosekana, na mishahara ya walimu haikutosha. Michango na ada vikarudi. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza wagonjwa. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001 na idadi ya watoto ikapanda tena, na mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne nayo ikafutwa.

Je, Mwadui ilikufa? Haikufa. De Beers walirudi katika miaka ya 1990, na mwaka 2009 kampuni ya Petra ikachukua nafasi yao, serikali ikibaki na sehemu yake. Mwaka 2020 kazi ilisimama kwa sababu ya ugonjwa wa korona na kuanguka kwa soko la almasi, kisha ikaanza tena mwaka uliofuata. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka, na tope likafunika mashamba na nyumba za majirani. Watu wa hapo wameonja tamu na chungu.

Lakini tazama kilichobaki katika mabadiliko hayo yote. Hospitali ya Mwadui iliendelea kutibu, na waliotibiwa hawakuwa tena watu wa mgodi peke yao, bali na wa vijiji vya jirani. Watoto waliendelea kusoma. Ndugu zetu wa Kanisa la Kilutheri wanayo sekondari pale pale Mwadui. Huduma zile zilidumu kwa sababu zilipata mikono mingine ya kuzishika: serikali, kampuni zilizofuata, kanisa na wananchi. Kama zingebaki katika mkono wa mtu mmoja tu, zingezikwa mwaka 1958.

Jirani zetu wa Geita na Kahama

Habari ya Mwadui si ya peke yake. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu tangu miaka ya 1930. Mwaka 1966 mgodi ule ulifungwa. Kampuni ikaondoka, na mahali palipokuwa na kelele za mashine pakawa kimya kwa zaidi ya miaka 30. Wananchi walibaki na pamba, mihogo na mashimo. Mgodi wa sasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Leo mji umekua na majengo yanapanda. Lakini wazee wa Geita wanajua kwamba mgodi hufungwa, maana walikwisha kuliona kwa macho yao.

Huko Kahama mgodi wa Buzwagi ulifikia mwisho wake mwaka 2021, baada ya kazi ya miaka kumi na michache tu. Tulawaka, upande wa Biharamulo, ulikuwa umekwisha kufungwa kabla ya hapo. Mtoto aliyezaliwa wakati mgodi unafunguliwa hajamaliza sekondari, na mgodi umefungwa. Basi ni hesabu rahisi: maisha ya mgodi ni mafupi kuliko haja ya shule.

Yako pia maeneo ambayo hayajawahi kuwa na mgodi, na hali yake ni ngumu kwa namna nyingine. Vijana wanaondoka kwenda kuchimba dhahabu Geita, Nyarugusu na Kahama. Kijijini wanabaki wazee, akina mama na watoto. Mwalimu anapangiwa shule, anafika, haoni nyumba wala maji, na baada ya mwaka anaomba uhamisho. Muuguzi naye hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2007 serikali ilitangaza mpango wa kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya. Wananchi wakachanga, wakafyatua matofali, wakapandisha kuta. Sehemu nyingine jengo lilikamilika. Sehemu nyingine yalibaki maboma yasiyo na bati, na mbuzi wakayafanya kivuli chao. Pengine msomaji anayasoma haya huku anajua boma moja la namna hiyo.

Sheria ya sasa inatusaidia kuliko ile ya wakati wa Williamson. Kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ya mauzo. Na tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mwenye mgodi hupaswa kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuchangia maendeleo ya wananchi. Hayo si mambo ya hisani tena. Ni haki, nayo huulizwa katika vikao. Lakini haki isiyoulizwa hukaa ofisini.

Fundisho la ngitili

Wasukuma wanajua jambo moja la kale ambalo linafaa sana hapa. Mfugaji mwenye busara hatengi malisho wakati wa ukame, maana wakati huo hayapo. Hutenga wakati wa mvua, nyasi zinapokuwa ndefu, akaacha eneo lisilishwe mpaka kiangazi. Eneo hilo huitwa ngitili. Mwaka 1986, Shinyanga ilipokuwa karibu kugeuka jangwa, ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Wataalamu wa mpango ule walifanya vema kuirudia ngitili ya wazee. Kwa njia hiyo mamia ya maelfu ya hekta za miti na nyasi yalirudi. Na jambo la kufurahisha ni kwamba vijiji vilivyokuwa na ngitili za pamoja viliuza mazao yake, na fedha nyingine zikaingia katika madarasa, nyumba za walimu na zahanati.

Mgodi ni mvua. Bei nzuri ya pamba ni mvua. Ndugu aliyepata dhahabu Geita akatuma fedha nyumbani, naye ni mvua. Mvua hizo zinapokuja ndipo tunapopaswa kuitenga ngitili ya shule na ya zahanati, kabla kiangazi hakijafika.

Ngitili hiyo ni nini? Kwanza ni watu. Jengo la Mwadui lingeweza kuuzwa, lakini msichana wa kijiji aliyesomeshwa uuguzi hauzwi pamoja na mgodi. Kolandoto, hospitali ya wamisionari wa Africa Inland, ilikuwapo kabla Mwadui haijagunduliwa. Haikuwa na almasi hata moja, na ipo mpaka leo, ikiendelea kufundisha wauguzi na waganga. Kufundisha ndiko kulikoiweka. Mtoto wa kijiji akisomeshwa ualimu au utabibu, yako matumaini kwamba atakubali kurudi mahali ambapo mgeni hawezi kukaa.

Pili ni nyumba na maji. Mtaa mmoja hauwezi kumlipa mwalimu mshahara, lakini unaweza kumjengea nyumba ya vyumba viwili na tangi la maji ya mvua. Jambo hilo Williamson alilijua mwaka 1940 porini Mwadui: alianza na maji na nyumba, na watu wakakaa.

Tatu ni mfuko wa pamoja. Mwaka 1996 jirani zetu wa Igunga walikuwa wa kwanza nchini kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao kaya hulipa kidogo kwa mwaka wakati zina fedha, ili zitibiwe wakati hazina. Mkulima ana fedha baada ya kuuza mazao, lakini homa ya mtoto haisubiri msimu. Mfuko wa namna hiyo ni ngitili ya ugonjwa.

Nne ni vikao. Kamati ya shule na kamati ya zahanati zimewekwa ili wananchi wawe na sauti, sauti ambayo watu wa Mwadui hawakuwa nayo mwaka 1958. Wakristo wengi hawaendi katika vikao hivyo, wakidhani ni mambo ya siasa. Kisha dawa zikikosekana hunung'unika chini ya mwembe baada ya ibada. Afadhali mzee wa kanisa mmoja anayehudhuria kikao na kuuliza ushuru wa huduma umefanya nini, kuliko kumi wanaonung'unika.

Ndugu wapendwa, Dk. Williamson alikuja kutoka mbali, akatafuta miaka mingi, akapata, akajenga. Tumheshimu kwa hilo. Angeweza kuchukua almasi na kutuachia shimo tu, kama wengi walivyofanya duniani. Lakini tusingoje Williamson mwingine. Wa kwanza alidumu Mwadui miaka 18 tu, tangu 1940 hata 1958, na watoto wa Mwadui walihitaji shule mwaka 1959, na 1979, na wanaihitaji leo. Mtu mwema huanzisha, na wengi ndio wanaodumisha. Safari nyingine tukipita Maganzo tukaona kibao cha Mwadui, tukumbuke kile boma kijijini kwetu linalongoja bati, na tujiulize mvua ya mwaka huu tutaitumiaje.